Mlango Upi? Risala Juu ya Milango Sita ya Wodi ya Wazazi

Mgeni rasmi, ambaye ndiwe Mkuu wa Ugavi, pamoja na mkuu wa kituo cha afya, mkunga wetu, Bwana Stoo, wazee wa uwanja, mafundi, madereva, wapakuzi, na nyinyi majirani mliosimama kwa kukosa viti:

KARIBU CHINI YA BANDA

Sisi wa Uwanja wa Mbao tunakukaribisha kwa mikono miwili, ingawa mingine bado ina gundi. Tumefagia vumbi la msumeno tangu asubuhi, na bado lipo. Ukiliona kwenye kiatu chako tuwie radhi, hakuna aliyewahi kuingia hapa akatoka bila kubeba kidogo.

Tunashukuru umekubali kutuzindulia banda hili la kupakia na kushushia mizigo. Tumewahi kualika wakubwa wengine, na wapo waliofika barabarani, wakapunga mkono ndani ya gari, wakaondoka, na kesho yake ikasemwa kwamba walifika. Wewe umeshuka, umevuka mtaro juu ya ubao, umeingia mpaka ndani. Hilo tumeliona. Na risala hii yote, mgeni rasmi, ni juu ya jambo hilo hilo: mtu akisema amefika, amefika wapi?

Kwa desturi ombi huwekwa mwisho, mgeni akiwa ameshachoka. Sisi tunalitanguliza, ulijue tangu sasa. Tunaomba milango sita ya wodi ya wazazi ipite getini kwenu, na fundi wetu Bawaba aruhusiwe kuipachika kwa mikono yake. Mengine tutakayosema ni kueleza kwa nini ombi jepesi namna hii limehitaji risala nzima.

UWANJA HUU ULIVYOANZA

Mwanzo wake, hapa palikuwa pa kutupia magogo ya mkandarasi wa barabara. Barabara ikaisha, mkandarasi akaondoka, magogo yakabaki. Na penye magogo hapakosi mwenye msumeno. Wakaja maseremala. Walipokuja maseremala wakaja wenye malori, na walipokuja wenye malori wakaja wapakuzi, watu wa mabega, ambao wanasema bila wao uwanja huu ungekuwa makumbusho ya makabati.

Umoja wenyewe ulizaliwa kwa ugomvi. Mama mmoja wa ghorofani alinunua kabati kubwa la nguo. Wapakuzi walilipandisha mpaka kwenye kona ya ngazi, likagoma. Halipandi, halishuki. Fundi akasema yeye kauza kabati, hakuuza ngazi. Mama akasema yeye kanunua kabati la chumbani, hakununua la ngazini. Wapakuzi wakasema wao walikodiwa mabega, na mabega yameshafanya kazi yake. Kabati lilikaa pale hadi wapangaji wa chini wakaanza kutundika nguo zao humo, na mmoja akaweka kufuli. Mwisho lilikatwa vipande na fundi yule yule aliyelitengeneza, akiwa amenuna.

Baada ya hapo wazee wetu walisema: tuwe na umoja, tukigombana tugombane tumekaa. Ndivyo tulivyo hadi leo. Tunagombana tumekaa.

TULIYOYAFANIKISHA

Banda hili tumelijenga wenyewe. Nguzo ni za maseremala, mabati ni mchango wa madereva, na kusimamisha ni kazi ya wapakuzi, ambao wametuomba tutamke hapa kwamba hakuna bati hata moja lililopinda mikononi mwao. Tumetamka.

Tunalo turubai la Umoja, si la fundi wala la dereva. Tutalirudia, maana lina kisa.

La tatu, mgeni rasmi, litakuchekesha kidogo. Tumepiga marufuku neno. Katika uwanja huu hakuna ruhusa ya kusema “mlangoni” mzigo ukiwa unazungumzwa. Ukilisema, yeyote aliye karibu ana haki ya kukuuliza, “Mlango upi?” na huondoki mpaka umjibu. Mambo yameshavuka mipaka. Dereva mmoja alimpigia mkewe simu kwamba yuko mlangoni, mke akamuuliza mlango upi, na nyumba haikulala kwa amani. Lakini tunaona heri ugomvi huo kuliko ule uliotufikisha hapa.

NENO MOJA, MILANGO MITATU

Sasa tunaingia kwenye changamoto. Kwa ruhusa yako tutamsimulia mmoja wetu, maana kisa chake ndicho chetu.

Fundi Bawaba unamwona pale nguzo ya pili, aliyevaa kofia. Tunamwita hivyo kwa kuwa anatengeneza milango, na kwa kuwa magoti yake hulia akiinama. Ni mtu wa maneno machache. Mlango wake ukiufunga husikii kishindo, unasikia pumzi tu. Mkewe alifariki, akamwachia binti, na binti ndiye aliyemfanya aendelee kuamka mapema.

Kituo cha afya kilipokuwa kinamalizia wodi mpya ya wazazi, Bwana Stoo, mtunza stoo wa kituo, alimpigia Bawaba simu kuagiza milango sita. Waliongea vizuri. Walizungumza mbao, wakazungumza vitasa, wakaelewana bei. Mwisho Bwana Stoo akauliza, kwa kuhakikisha tu, kama bei hiyo ni ya mlangoni. Bawaba akajibu kwamba ndiyo, ndugu yangu, ni ya mlangoni. Wakaagana, kila mmoja moyo mweupe.

Mgeni rasmi, kwa maseremala, tangu enzi za magogo, bei ya mlangoni ni bei ya mlango wa karakana. Njoo na gari lako, pakia, nenda salama. Mzigo ukivuka kizingiti cha fundi, ni wako. Ukianguka umekuangukia wewe. Kwa watu wa stoo, bei ya mlangoni ni ya mlango wa stoo. Muuzaji atalipia gari, atashusha, ataweka ndani, na mpaka hapo chochote kikivunjika ni chake. Neno ni moja, na kati ya mlango huu na ule kuna barabara nzima.

Kisha akaingia mtu wa tatu. Bwana Stoo aliomba Bawaba amtafutie gari. Bawaba akaona anamfanyia mteja hisani, akamwita dereva wetu anayeitwa Taratibu. Bwana Stoo akaona muuzaji anatuma gari lake, kama ilivyo wajibu wake. Na Taratibu naye ana mlango wake. Kwa madereva, mlangoni ni getini. Gurudumu likigusa geti, safari imekwisha.

Taratibu akafika getini. Mzee mlinzi akatoka, akatazama mzigo, akasema hajaambiwa habari ya milango.

“Ni ya wodi, mzee wangu,” Taratibu akasema. “Na wodi si iko humu ndani?”

“Wodi ina mwenyewe,” mlinzi akajibu. “Mimi nimekabidhiwa geti.”

Hakukosea. Kweli alikabidhiwa geti. Taratibu alikuwa na mzigo mwingine wa kuwahi, basi yeye na wapakuzi wakaiegemeza milango kwenye ukuta, nje, pembeni ya geti, wakaipanga vizuri kama inavyopaswa, wakaondoka. Akampigia Bawaba kwamba mzigo umefika. Bawaba akampigia Bwana Stoo kwamba mzigo umefika. Bwana Stoo akachungulia stoo, hakuona mlango hata mmoja, akasema moyoni kwamba mafundi ndivyo walivyo, kufika kwao ni kuwa njiani.

Mvua ikanyesha.

Tunaomba usikilize hapa, mgeni rasmi, maana hapa ndipo penye aibu yetu sote. Ile milango haikulowa kwa kukosa kitu cha kuifunika. Taratibu alirudi akapita pale, na turubai alikuwa nalo, limekunjwa nyuma ya kiti. Mlinzi alikuwa na kipande kikubwa cha nailoni, akajifunika yeye na kiti chake. Bwana Stoo aliiona kupitia dirishani, na funguo za chumba kitupu zilikuwa mfukoni mwake. Na Bawaba mwenyewe alipita kwa miguu, amejitanda gunia la plastiki. Akaiona. Alisimama. Ametueleza hayo yeye mwenyewe, akiwa amekaa mahali ulipokaa. Alishika pembe ya gunia kulivua, kisha mkono ukarudi.

“Nilisema nikiifunika, nimeipokea,” alituambia. “Watasema kumbe ni yako, ndiyo maana umeifunika.”

Na wenzake wote walifikiri vivyo hivyo, kila mtu kwa nafasi yake. Anayefunika amekiri. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwepesi usioumiza bega. Sisi tulivuka hapo: tuliona mzigo wa mwenzio ukilowa, tukaulinda usikauke, usije ukawa wetu.

Kulipopambazuka milango ilikuwa imevimba. Jua likaja likaipinda. Hakuna fremu duniani ingeikubali. Ndipo simu zikaanza, na hizo hatutazisimulia, maana wapo watoto hapa. Shauri likapanda mpaka ofisini kwako, na ofisini kwako likatoka agizo: kisipokelewe chochote kutoka kwa fundi huyu mpaka ijulikane nani wa kulaumiwa. Mgeni rasmi, hatulilaumu agizo hilo. Mtu aliye mbali angeagiza nini kingine? Lakini halijafutwa, na wodi ilifunguliwa hivyo hivyo. Kwenye miti hakuna wajenzi. Jirani na uwanja wa maseremala, akina mama wakajifungulia nyuma ya shuka.

MLANGO USIOTAZAMA NDANI

Binti yake Bawaba alipofikia siku zake, uzazi wa kwanza, alipelekwa wodi hiyo. Shangazi mtu akaingia naye. Bawaba akaja na chupa ya chai, akakaa kwenye benchi la ukumbini, kama baba anavyokaa, akitazama sakafu.

Ulikuwa mchana, saa ya kuona wagonjwa. Ukumbi ulijaa watu na vikapu. Upepo ukaingia kutoka uani, ukalinyanyua lile shuka la mlangoni mpaka juu, na likashuka, na likanyanyuka tena. Kila liliponyanyuka watu waligeuza nyuso, na wengine hawakugeuza. Ndani mkunga mikono yake ilikuwa na kazi. Shangazi alishikwa na binti, hawezi kumwachia.

Bawaba akainuka. Aliweka chai chini, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye ile fremu tupu, akashika pembe mbili za shuka, akatanua mikono, mgongo ukielekea ndani.

Mkunga akaona kivuli. “Baba, ni wewe?”

“Ni mimi, mama.”

“Basi leo wewe ndiye mlango. Na mlango hautazami ndani.”

“Hautazami, mama,” akasema.

Akasimama hivyo. Mzazi amesimama mgongo kwa mtoto wake anayelia, hana la kufanya isipokuwa kuziba. Waliomjua walimsalimu, akaitikia bila kushusha mikono. Jirani mmoja mpenda utani akamuuliza kama siku hizi anaanika nguo kituoni. Bawaba akalivuta shuka likanyooka. Mikono ikaanza kushuka, akaipandisha tena.

Ndipo Bwana Stoo akapita, amekumbatia boksi la glovu. Tangu siku ya mvua watu hawa wawili walikuwa hawasalimiani, hata wakikutana dukani mmoja hujifanya anachagua sabuni. Bwana Stoo akasimama. Akatazama fremu, akatazama mikono ya mzee. Akaweka boksi chini, akaja akashika pembe ya pili, naye akageuza mgongo. Walikaa hivyo, bega kwa bega, mlango wa vipande viwili, mpaka mtoto alipolia.

Mtoto ni wa kike, mzima. Ana jina lake zuri alilopewa na wazazi wake, lakini uwanja mzima tunamwita Kitasa, na mama yake ameshachoka kutukatalia.

Walipotoka nje, Bwana Stoo ndiye aliyeanza.

“Fundi, ile mvua niliiona,” alisema.

“Hata mimi,” Bawaba akajibu.

Baina yao yamekwisha hapo, mgeni rasmi. Kilichobaki ni agizo, na agizo hawana uwezo nalo, si fundi wala mtunza stoo.

TULIVYOJIREKEBISHA

Hatukungoja tufundishwe. Tulikaa, mafundi, madereva, wapakuzi, na Bwana Stoo tukamwalika, tukaulizana kila mmoja mlango wake ni upi. Tulishangaa. Miaka yote tulikuwa tunauziana kwa neno ambalo kila mtu analo lake. Taratibu, ambaye amezungusha usukani katika miji mingi, alisema kote alikopita mzigo huharibika mahali pamoja: pale ambapo wa nyuma ameshauacha na wa mbele hajaupokea.

Sasa tuna maneno matatu, na muuzaji na mnunuzi huchagua moja kabla ya msumeno kugusa mbao. Karakanani: mnunuzi anachukua mwenyewe kwa fundi, na njia yote ni juu yake. Getini: muuzaji anasafirisha mpaka geti la mnunuzi, na mnunuzi anakuwa na mtu pale wa kufungua, kukagua na kushusha. Sakafuni: muuzaji anabeba hatari yote mpaka mzigo ulale ndani, mahali palipooneshwa, na mnunuzi auone kwa macho na aseme nimepokea. Mwenye kutafuta gari hutajwa. Mwenye kulilipia hutajwa, maana kumtafutia mtu gari si kulikodi. Na aliyepewa geti huambiwa mapema kinakuja nini, asiachwe na geti tu.

Juu ya hayo yote tumeweka sheria moja, nayo ndiyo iliyonunua lile turubai la Umoja. Mvua ikija, aliye karibu afunike kwanza, tugombane baadaye. Na kufunika hakutahesabiwa kuwa ni kukiri. Aliyefunika mali isiyo yake hataulizwa jambo.

MAOMBI YETU

Mgeni rasmi, huenda umeona glasi yako ya maji imeegemea upande, na umejizuia kusema kwa adabu. Usidhani mafundi wetu hawajui kupima. Meza kuu iliyo mbele yako, chini ya kitambaa hicho, ni mmoja wa ile milango. Tumeshindwa kuutupa, tukaupa miguu. Tulitaka uuguse kwanza, ndipo tuseme.

Na nyuma yako, ukutani, chini ya turubai, ipo milango sita mipya. Bawaba ameitengeneza bila kuagizwa, kwa mbao zake, kila jioni baada ya kazi za wateja. Tulimuuliza anamtengenezea nani wakati geti limefungwa. Alisema anawatengenezea watakaokuja kulia mle ndani baada ya binti yake.

Tunaomba agizo lifutwe, ili milango hiyo ipite.

Ofisi ikihitaji jina la kulaumiwa ili shauri lifungwe, tunaomba lisiandikwe la Bawaba, wala la Bwana Stoo, wala la Taratibu, wala la mzee wa geti. Liandikwe letu, Umoja mzima. Tumelijadili na hakuna aliyepinga, hata wapakuzi, ambao hupinga kila kitu.

Tunaomba pia ofisi yako, inapoagiza kitu kwa fundi yeyote, iseme wazi ni karakanani, getini au sakafuni, nasi tutaitikia kwa neno hilo hilo.

Milango hii sita tunaiahidi sakafuni. Gari ni letu, mabega ni yetu, na ikianguka njiani imetuangukia sisi. Upande wenu tunaomba vitu viwili tu: mtu wa kufungua, na mtu wa kusema nimepokea.

MWISHO

Lori limeshageuzwa, linatazama barabarani. Bawaba ameweka bawaba mfukoni. Ukinyamaza kidogo utazisikia. Na juu ya bati hili, mgeni rasmi, mawingu yamekusanyika. Hatuna wasiwasi nayo, tumeshafunika. Tunangoja neno lako kabla hujakata utepe, au baada yake, upendavyo.

Mwenyezi Mungu akujalie afya na subira ya kazi. Na utakapoondoka hapa akufikishe salama: si barabarani, wala si getini, bali ndani kwako, kwenye sakafu ya watu wako, na awepo wa kukupokea.

Ni sisi,
UMOJA WA UWANJA WA MBAO
Mafundi, Madereva na Wapakuzi